Kutoka Dukani hadi Shabahani: Uhakiki wa Istilahi za Bunduki ya Wenzo

Mara nyingi tumezungumzia istilahi za shule, za mahakama na za ofisi. Istilahi za silaha tumezipita kwa haraka, pengine kwa kudhani kwamba hayo ni mambo ya askari, na kwamba askari wana lugha yao wenyewe. Dhana hiyo haifai tena. Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, mtumishi wa serikali aweza kuletewa mezani kifungu kinachohusu silaha akitakiwa kukifasiri. Na huko Marekani wako wasemaji wengi wa Kiswahili, wakiwemo waliotoka Kongo, wanaoishi katika majimbo ambamo bunduki ya kuwindia huuzwa dukani kama jembe. Hao nao huhitaji maelezo kwa lugha waielewayo. Kosa la istilahi katika kitabu cha jiografia humpotezea mwanafunzi alama. Kosa la istilahi katika maelezo ya bunduki laweza kumpotezea mtu jicho.

Ili mjadala wetu usiwe wa nadharia tupu, tumechagua silaha moja ya Kimarekani: bunduki ambayo mpigaji huijaza upya kwa kusukuma chini, kisha kurudisha juu, mkono wa chuma ulio chini ya mtambo, nyuma ya kifyatulio. Tutaifuata kuanzia siku inaponunuliwa ikiwa mpya, hadi mezani kwa fundi anayeirekebisha, hadi shabahani inakojaribiwa. Katika kila hatua tutauliza swali moja: je, neno aliloliandika mfasiri lamwonyesha msomaji kile ambacho mkono wake unatakiwa kufanya?

1. Jina la bunduki

Tuanze na kuwasifu waliotutangulia. Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi majina ya bunduki yaliyopangwa kwa utaratibu wa kupendeza. Iko bunduki ya mrao, ambayo baruti yake huwashwa kwa utambi. Iko ya gumegume, ambayo huwashwa kwa cheche za jiwe. Iko ya fataki, ambayo huwashwa kwa kikombe kidogo cha baruti kali kinachogongwa na nyundo. Mwisho iko ya viasi, ambayo baruti, fataki na risasi vyote vimekwisha kufungwa pamoja katika ganda moja. Majina haya hayakupatikana kwa kufuata sauti wala picha za maneno ya kigeni. Aliyeyatunga aliitazama bunduki ikifanya kazi, akauliza moto unafikaje kwenye baruti, kisha akataja jibu. Hiyo ndiyo kanuni ambayo twapenda kuitetea katika makala haya: istilahi ya kifaa na itaje kazi ya kifaa.

Bunduki tunayoijadili ilianza kupata umbo lake kamili huko Marekani mwaka 1860, Benjamin Tyler Henry alipopata hataza ya bunduki yake. Baadaye zikafuata Winchester za mwaka 1866 na 1873, kisha ile ya mwaka 1894 iliyobuniwa na John Moses Browning, ambayo zimeundwa zaidi ya milioni 7. Wala si ngeni kabisa kwetu. Msafara wa Stanley uliopita Unguja mwaka 1887 na kuchukua wapagazi wa huko ulikuwa na bunduki za Winchester miongoni mwa silaha zake. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 alikuja na Winchester ya mwaka 1895, na wabeba bunduki wake waliishika kwa mikono yao kwa miezi mingi. Silaha hii, basi, ilifika katika mikono ya wasemaji wa Kiswahili zamani. Kilichochelewa ni istilahi.

Mfasiri wa haraka akikutana na jina la bunduki hii kwa Kiingereza huona maneno mawili: la kwanza analijua kuwa ni wenzo, la pili analijua kuwa ni kitendo. Huandika 'bunduki ya kitendo cha wenzo', akaendelea na safari. Hapo amekosea kwa kutochunguza. Neno hilo la pili, katika lugha ya mafundi wa bunduki, halina maana ya kitendo bali ya jumla ya vipande vinavyosogea ili kujaza, kufunga na kufyatua. Kiswahili kina neno lake tangu zamani, nalo ni mtambo. Wazee walisema 'mtambo wa bunduki' kabla hatujaanza kusema 'mitambo ya umeme'. Kwa hiyo twapendekeza 'mtambo wa wenzo' kwa jina la mtambo, na 'bunduki ya wenzo' kwa jina la silaha yenyewe.

Hapa pana jambo dogo la kuangalia. Walimu wa fizikia wamekwisha kulizoea neno 'wenzo' na wingi wake 'nyenzo'. Lakini ofisini neno 'nyenzo' limepata maana nyingine: vifaa, fedha na njia za kutendea kazi. Afisa akisema hana nyenzo, hasemi kwamba hana mtaimbo. Kwa hiyo mtu akiandika 'bunduki ya nyenzo', nusu ya wasomaji watadhani ni bunduki iliyonunuliwa kwa fungu la idara. Wenzo wa bunduki hii ni mmoja. Umoja wake na uhifadhiwe.

2. Dukani

Mnunuzi wa bunduki hii huko Marekani, akienda kwa muuzaji mwenye leseni, kwanza hujaza fomu ya serikali kuu yenye namba 4473, kisha muuzaji huuliza katika daftari la taifa, lililoanza kazi mwaka 1998, kama mtu huyo hakukatazwa kumiliki silaha. Karatasi hizi zinapofasiriwa, mitego miwili humngoja mfasiri.

Mtego wa kwanza ni neno 'mpokeaji'. Kile kiunzi cha chuma kinachobeba mtambo, ambacho mtutu umefungwa mbele yake na kitako nyuma yake, Waingereza hukiita kwa jina linalotokana na kitenzi cha kupokea. Mfasiri akifuata sauti ya neno ataandika 'mpokeaji'. Lakini Kiswahili hakifanyi mzaha na ngeli: mpokeaji ni mtu. Na kwa bahati mbaya, katika fomu hiyohiyo yumo mtu halisi anayepokea, yaani mnunuzi. Sasa tazama matokeo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 yasema kwamba kiunzi hicho peke yake, hata kikiwa hakina mtutu wala kitako, huhesabiwa kuwa ni bunduki, na ndicho kinachopigwa namba. Mfasiri wetu ataandika kwamba 'mpokeaji ni bunduki na sharti awe na namba'. Msomaji atacheka, na atakayekuwa hana hakika ya haki zake hatacheka hata kidogo. Sisi twapendekeza 'sanduku la mtambo'. Ni maneno matatu, lakini anayeyasikia kwa mara ya kwanza huelewa kwamba panatajwa kitu, na kwamba mtambo umo ndani yake.

Mtego wa pili ni tarakimu. Bunduki nyingi za aina hii huitwa kwa mwaka ambao umbo lake lilianza kuuzwa. Winchester iitwayo 1894 ilikuwa ikiundwa New Haven hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2006, na baadaye uundaji ukaendelea Japani. Marlin nayo ina bunduki iitwayo 1895. Jina hilo la biashara lilinunuliwa na kampuni ya Ruger mwaka 2020, na bunduki mpya zenye jina hilo zikaanza kutoka kiwanda cha Ruger mwishoni mwa mwaka 2021. Mfasiri akiandika 'bunduki ya mwaka 1894' amesema jambo jingine kabisa. Na jambo hilo lina uzito wa sheria, kwa sababu sheria ya Marekani huzihesabu bunduki zilizoundwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ni vitu vya kale, visivyofungwa na masharti mengi ya silaha za sasa. Kwa hiyo tofauti kati ya 'bunduki ya mwaka 1894' na 'bunduki ya modeli 1894' ni tofauti kati ya mtu asiyetakiwa kujaza fomu na mtu anayeweza kushtakiwa kwa kutoijaza. Twapendekeza neno 'modeli' litangulie tarakimu daima, na mwaka wa kuundwa utajwe kwa sentensi kamili: 'iliundwa mwaka fulani'.

3. Vipande vya bunduki

Mnunuzi mwangalifu hailipii bunduki kabla ya kuikagua. Huomba ruhusa, hufungua mtambo, huhakikisha kwamba hamna risasi, kisha hutazama kama vilengeo vimesimama wima, kama mbao zimeshikana na chuma, na kama wenzo hushuka na kupanda bila kukwama. Katika ukaguzi huu atahitaji majina ya vipande, na hapa ndipo tafsiri sisisi huonyesha ugonjwa wake wote.

Kiingereza kina desturi ya kulipa neno moja kazi nyingi. Neno lao la mtutu ndilo neno la pipa la mafuta. Neno la kitako chote cha mbao ndilo neno la hisa na la bidhaa zilizomo ghalani. Neno la kutegesha nyundo ni neno la jogoo. Mwingereza hatatiziki, kwa kuwa amezaliwa ndani ya desturi hiyo. Msomaji wetu hakuzaliwa humo. Akiambiwa 'bunduki iko katika nusu ya jogoo', atatafuta kuku. Kinachosemwa hapo ni jambo la usalama: nyundo ya bunduki hizi ina vituo viwili. Ikivutwa kidogo hunasa katika kituo cha kwanza, ambapo kifyatulio hakipaswi kuweza kuiachia. Ikivutwa kabisa hunasa katika kituo cha pili, na hapo bunduki i tayari kulia. Kwa miaka mingi kituo hicho cha kwanza ndicho kilichokuwa kinga ya mpigaji, kabla viwanda havijaongeza kizuizi cha kubonyeza au cha kusogeza kwa kidole. Twapendekeza 'kituo cha kinga' na 'kituo cha kupigia'. Kila kimoja chataja kazi yake, wala hakuna anayeweza kuvichanganya.

Neno 'usalama' nalo lina shida. Mfasiri aliyekiita kizuizi cha bunduki 'usalama' ataandika 'ondoa usalama', na msomaji ataogopa kwa haki. Neno 'kizuizi' latosha: kizuizi kimefungwa, kizuizi kimefunguliwa.

Kuhusu kile kipande cha chuma kinachokwenda mbele kufunga nyuma ya mtutu, baadhi ya watu husema 'boliti'. Hatulipendi neno hilo hapa, kwa sababu fundi yeyote akisikia boliti huona kichwani mwake kitu cha kukazwa kwa nati. Maana inayotakiwa ni ile ya mlango, yaani kipande kinachosukumwa ili kufunga. Kiswahili kina 'komeo'. Basi na liwe komeo la bunduki. Faida ya pili ni kwamba bunduki zinazojazwa kwa kuvuta komeo lenyewe kwa mkono, zinazojulikana sana kwa wawindaji, zitapata jina lao kwa utaratibu uleule: bunduki ya komeo, kando ya bunduki ya wenzo.

Hata hivyo, hatutaki kutunga kwa ajili ya kutunga. Neno 'magazini', kwa maana ya chombo kinachoweka risasi ndani ya bunduki, limeenea kambini na vituoni. Wako wanaolichukia kwa kuwa lafanana na neno la Kiingereza la jarida. Twawakumbusha kwamba asili yake ni neno la Kiarabu la ghala, na kwamba ni jarida lililoazima jina kutoka kwa ghala. Magazini na libaki, pamoja na chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linamoingia risasi moja iliyo tayari. Lakini mfasiri asiseme magazini tu. Bunduki nyingi za wenzo zina magazini ya bomba, ambayo ni mwanzi wa chuma chini ya mtutu. Chache, kama ile Winchester ya mwaka 1895 aliyokuja nayo Roosevelt, zina magazini ya sanduku. Tofauti hii, kama tutakavyoona sasa hivi, ni ya uhai na mauti.

4. Risasi: neno moja, vitu vinne

Mpaka hapa tumelilaumu pepo la Kiingereza. Sasa hatuna budi kujitazama wenyewe. Neno 'risasi' katika Kiswahili ni jina la madini, ni jina la kipande kinachoruka, ni jina la kitu kizima chenye ganda na baruti, na tena ni jina la mlio: 'zilisikika risasi tatu'. Katika mazungumzo hakuna ubaya. Katika maelekezo pana ubaya mkubwa.

Chukua mfano wa bomba. Katika magazini ya bomba risasi hulala moja nyuma ya nyingine, na ncha ya iliyo nyuma huegemea fataki ya iliyo mbele. Ikiwa ncha hiyo ni kali na ngumu, mshtuko wa bunduki unapolia waweza kuigonga fataki, na risasi ikalipuka ndani ya bomba, pale ambapo mkono wa kushoto wa mpigaji umeshika. Ndiyo maana, kwa zaidi ya karne moja, risasi za bunduki hizi zimeundwa zikiwa na ncha bapa au ya mviringo. Na katika miaka ya 2000 zikatokea zenye ncha kali iliyofanywa kwa kitu laini kinachobonyea. Sasa mfasiri aandike nini? Akiandika 'tumia risasi bapa', msomaji hajui kama ubapa ni wa ganda au wa ncha. Akiandika 'usitumie risasi kali', msomaji atadhani panasemwa habari ya nguvu. Hakuna njia ila kugawanya: risasi ni kitu kizima, kichwa cha risasi ni kile kinachoruka, ganda la risasi ni kile kinachobaki, fataki ni kile kinachogongwa, baruti ni ile inayowaka. Hapo ndipo sentensi itakaposimama: 'Katika magazini ya bomba usitie risasi yenye kichwa cha ncha kali na ngumu.'

Wako watakaouliza kwa nini tusilirudishe neno la wazee, kiasi, kwa maana ya risasi nzima. Twalipenda neno hilo, lakini wakati umelipita. 'Tia kiasi' leo maana yake ni 'tia kidogo'. Neno zuri lisiloeleweka halimsaidii mtu aliyeshika bunduki.

Kuna tena mtego wa vipimo. Uzito wa kichwa cha risasi huko Marekani hutajwa kwa kipimo ambacho jina lake la Kiingereza ni lilelile la punje ya nafaka. Mfasiri akiandika 'risasi ya punje 150', mwindaji wa kwetu ataelewa kuwa ndani yake mna marisau 150 ya kupigia ndege. Kumbe ni kichwa kimoja chenye uzito wa gramu 9.7 hivi. Kipimo hiki na kiitwe 'greni', na gramu ziandikwe kando yake.

Kadhalika tarakimu za majina ya risasi. Risasi maarufu ya Winchester ya modeli 1894 huitwa .30-30. Tarakimu ya kwanza yahusu upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za inchi. Ya pili ilihusu baruti greni 30 za mwanzoni. Katika .45-70 ya pili ni greni 70 za baruti nyeusi. Lakini katika .30-06 ya pili ni mwaka 1906. Mfasiri anayeeleza tarakimu kwa kukisia mfano wa jirani atamdanganya msomaji. Majina haya na yanakiliwe kama yalivyo, bila kufasiriwa, kwa kuwa mtu hununua risasi kwa kulinganisha maandishi ya boksi na maandishi ya mtutu.

5. Mezani kwa fundi

Bunduki mpya ya kiwandani aghalabu haijakamilika kama mwenyewe apendavyo. Wenzo huwa mzito, kingo za chuma huwa kali, kifyatulio huhitaji nguvu nyingi, na ndani hujaa grisi ya kuzuia kutu. Kazi ya kuiondolea ugumu huo Waingereza huitaja kwa neno la kurekebisha ala ya muziki. Sisi tusitafute ngoma wala zeze. Tunalo neno 'kurekebisha'.

Twasisitiza 'kurekebisha' dhidi ya 'kutengeneza', ambalo ndilo wengi hulikimbilia. Kutengeneza ni kuunda kitu ambacho hakikuwapo, na pia ni kukiponya kilichoharibika. Fundi viatu hutengeneza viatu kwa maana zote mbili, na hakuna anayeumia. Katika silaha, mambo haya mawili ni milango miwili ya sheria. Huko Marekani leseni ya kuunda bunduki kwa biashara si ile ya fundi anayezirekebisha. Popote pale, mtu mwenye bunduki halali aliyefungua skrubu ili asafishe komeo lake hafai kusimama mbele ya hakimu kwa kosa la 'kutengeneza silaha' kwa sababu tu mfasiri hakuchagua neno. Kwa maana ya kwanza twapendekeza 'kuunda', kwa maana ya pili 'kukarabati' kilichovunjika na 'kurekebisha' kilicho kizima.

Neno jingine letu wenyewe lenye hatari ni 'kulainisha'. Kulainisha ni kupaka mafuta ili vitu viteleze. Ni kusugua hadi uso uwe mororo. Na ni kufanya kitu kiwe chepesi kwa mtumiaji. Fundi anaporekebisha bunduki ya wenzo hufanya yote matatu, lakini si mahali pamoja. Kwanza husafisha grisi ya kiwandani na kupaka mafuta mepesi. Kisha hufungua na kufunga wenzo mara mamia, bunduki ikiwa tupu, ili chuma kizoeane na chuma. Panapobaki mkwaruzo, husugua kwa jiwe laini njia ambamo komeo hupita. Kingo kali za wenzo, zinazoumiza vidole, huzipitisha tupa na msasa. Lakini iko sehemu moja ambayo mtu asiye fundi haruhusiwi kuigusa kwa jiwe: ni pale ambapo kifyatulio hunasa kituo cha nyundo. Pembe ya hapo ikibadilika hata kidogo, nyundo yaweza kuanguka yenyewe bunduki inapotikiswa. Sasa fikiri maelekezo yasemayo 'lainisha kifyatulio'. Mmoja atatia tone la mafuta, wala hakuna madhara. Mwingine atachukua jiwe. Wote wawili wamesoma Kiswahili sawasawa. Aliyekosa ni mwandishi. Katika maelekezo ya aina hii neno 'lainisha' lifutwe kabisa, na mahali pake pawe na 'paka mafuta', 'sugua kwa jiwe' au 'punguza nguvu'.

Juu ya hilo la kupunguza nguvu, tusiseme 'uzito wa kifyatulio'. Kifyatulio chenyewe hakizidi uzito wa funguo. Kinachopimwa ni nguvu ya kidole inayohitajika kukivuta, na ratili 5, yaani kilo 2.3 hivi, ni nguvu ya kutumainiwa katika bunduki ya kuwindia. 'Nguvu ya kuvuta' yatosha. Nguvu hii hupungua pia kwa kubadilisha kamani ya nyundo kwa nyingine iliyo laini zaidi. Ila kamani ikilegea kupita kiasi, nyundo hugonga fataki bila kuiwasha, na mwindaji akabaki na bunduki iliyonyamaza mbele ya mnyama.

6. Shabahani

Hatua ya mwisho ni kuilinganisha bunduki na jicho la mwenyewe. Waingereza hutumia neno la sifuri. Mfasiri huandika 'weka bunduki kwenye sifuri', na msomaji hutafuta sifuri hiyo asiione. Maana yake ni kurekebisha vilengeo hadi kichwa cha risasi kifike pale vinapoelekeza, kwa umbali uliochaguliwa, kama yadi 100, yaani mita 91. 'Kulinganisha vilengeo' ndiyo istilahi yetu.

Hapa pia pana sentensi ya hatari: 'risasi ikienda kushoto, sogeza kilengeo kulia'. Kilengeo kipi? Kilengeo cha nyuma husogezwa kuelekea upande unaotaka risasi iende. Kilengeo cha mbele husogezwa kinyume chake. Mfasiri asiyetaja nyuma au mbele amempa msomaji nusu ya ukweli, na nusu hiyo yaweza kumfanya amalize boksi zima la risasi huku akizidi kukosa. Kiswahili hakina upungufu wowote hapa. Maneno 'ya nyuma' na 'ya mbele' yapo. Kilichopungua ni uangalifu.

7. Mapendekezo

Twaweka mbele ya wasomaji orodha ifuatayo, iliyokwisha kutetewa hapo juu:

Bunduki ya wenzo: bunduki inayojazwa upya kwa kushusha na kupandisha wenzo.
Bunduki ya komeo: inayojazwa upya kwa kuvuta na kusukuma komeo.
Mtambo wa bunduki: jumla ya vipande vinavyosogea.
Sanduku la mtambo: kiunzi kinachobeba mtambo na kupigwa namba.
Komeo la bunduki: kipande kinachofunga nyuma ya mtutu.
Kituo cha kinga, kituo cha kupigia: mahali pawili nyundo inaponasa.
Kizuizi: kinachozuia bunduki isifyatuke.
Magazini ya bomba, magazini ya sanduku: aina mbili za hifadhi ya risasi.
Risasi, kichwa cha risasi, ganda la risasi, fataki, baruti: kitu kizima na sehemu zake.
Greni: kipimo cha uzito, sehemu ya 15 hivi ya gramu.
Kuunda, kukarabati, kurekebisha: kazi tatu tofauti.
Nguvu ya kuvuta: inayotakiwa kidoleni ili kufyatua.
Kilengeo cha mbele, kilengeo cha nyuma, kulinganisha vilengeo.

Hatudai kwamba kila neno humu ni la mwisho. 'Sanduku la mtambo' ni refu, na huenda mafundi wetu wanalo fupi. Ikiwa wanalo, nalo lataja kazi ya kifaa na halina maana ya pili iwezayo kumpotosha mtu, twalikaribisha na letu tutaliacha. Mizani yetu ni hiyo tu. Walimu na wafasiri walio karibu na mafundi bunduki, askari wa wanyamapori na wawindaji wenye leseni twawaomba wawasikilize wakiwa kazini, kisha watuletee maneno yao pamoja na maelezo ya kazi ambayo kila neno hutumika.